Slaidi imenyooka, gitaa limepinda: kuandaa gitaa la umeme kwa slaidi

Gitaa la umeme linalotoka dukani limepindwa kwa makusudi mahali patatu. Shingo ina mbonyeo mdogo ili nyuzi zipate nafasi ya kutikisika. Ubao wa freti, zile fito za chuma zinazokatiza shingo, una mgongo wa mviringo ili vidole viuzunguke bila kuchoka. Na vikalio vya nyuzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, vimesogezwa mbele au nyuma, kila kimoja kivyake, kufidia sauti inayopanda kidogo kila kidole kinapoukandamiza uzi hadi kwenye freti. Slaidi, iwe ya glasi, ya chuma au ya kauri, ni bomba lililonyooka linalovaliwa kidoleni na kutelezeshwa juu ya nyuzi, tena haikandamizi uzi hata kidogo. Kwa hiyo yale matatu yaliyowekwa kumsaidia mpigaji wa kawaida yanamgeukia mpigaji wa slaidi.

Hapo ndipo ushauri uliozagaa wa "pandisha nyuzi tu", yaani ziinue mbali na ubao, unapokwama. Kupandisha nyuzi ni lazima, lakini gitaa lililopandishwa nyuzi bila kunyooshwa linabaki na tabia ileile: nyuzi za katikati zinalia vizuri, wa kwanza (mwembamba kuliko zote) na wa sita (mnene kuliko zote) zinakwaruza au hazilii kabisa, na mtu anajilaumu mkono wakati kosa liko kwenye daraja.

Kabla ya kushika bisibisi, amua jambo moja: gitaa hili ni la slaidi peke yake, au litapiga slaidi na vidole kwa pamoja? Kila kipimo kinachofuata kinategemea jibu hilo. Gitaa la slaidi tupu unaweza kulinyoosha mpaka mwisho. La kazi mbili ni mapatano, na mapatano yake yana mipaka. Mwenye gitaa la pili la bei nafuu lililokaa kabatini asisite, alifanye la slaidi tupu. Gitaa ambalo freti zake zimelika kwa vidole bado linafaa sana, kwa sababu slaidi haihitaji freti zaidi ya kuzitumia kama alama za kuonea.

Mifano mingi hapa ni ya Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, na nakala zake, maana ndizo zinazopatikana kila mahali, na kila kikalio chake kina skrubu zake. Gitaa la aina ya Gibson Les Paul au SG tutaligusia kila linapotofautiana.

Vifaa si vingi: rula ya chuma yenye nusu milimita, fila geji ya fundi magari (vibati vya kupimia mianya), alenki za daraja na za nondo ya shingo (chuma kilicho ndani yake), bisibisi, tyuna ya kupimia sauti za nyuzi, kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja), tupa nyembamba au msasa uliokunjwa, penseli laini na supa gluu. Fuata mpangilio huu: nyuzi na tyuni (sauti ambayo kila uzi unawekewa) kwanza, kisha shingo, nati, daraja, pikapu (sumaku zinazochukua mlio wa nyuzi), na mwisho mizani ya sauti kwenye vikalio. Ukianza na daraja kabla ya kubadilisha nyuzi utaifanya kazi mara mbili, kwa sababu nyuzi nene zitaivuta shingo na kuvuruga kila kipimo.

Nyuzi

Seti ya kawaida ya gitaa la umeme ni 010 hadi 046, yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Kwa slaidi ni nyepesi. Slaidi ikiugusa tu, uzi unazama hadi kwenye freti, na mlio unakuwa mwembamba usiodumu. Ubaya unazidi ukishusha tyuni. Uzi wa 010 kwenye gitaa ambalo urefu wa nyuzi toka nati hadi daraja ni inchi 25.5 ukityuniwa E unavutwa kwa nguvu ya takriban kilo 7.3. Ushushe hadi D, nguvu inapungua kwa asilimia 21 na kubaki kilo 5.8. Uzi wa namna hiyo hauwezi kubeba bomba la glasi.

Weka 012 badala yake. Ukityuniwa D unavutwa kwa kilo 8.4 hivi, yaani unakuwa mgumu kidogo kuliko 010 katika E ya kawaida, na bado shingo haielemewi. Uzi wa 013 katika D unafika kilo 9.8 na kitu. Wengi wa slaidi tupu wanaishia hapo. Uzi wa tatu uwe mtupu, usiosokotewa waya, wa 018 hadi 020. Uzi wa tatu uliosokotwa unakwaruzana na slaidi, na ukwaruzaji huo amplifaya inauchukua wote. Tukizungumzia ukwaruzaji, nyuzi za juu yake, wa nne hadi wa sita, zikiwa za msokoto bapa zinatulia kuliko za msokoto wa mviringo, ila zinapoteza ung'avu. Kwa mtu anayepiga na amplifaya iliyokolezwa sana, hasara hiyo haionekani.

Maduka mengi ya muziki katika miji yetu yanaweka seti za 009 na 010, na pengine 011. Seti nene za umeme ni adimu. Suluhisho ni kununua seti ya umeme ya 011 kisha kubadilisha nyuzi mbili za kwanza kwa zile za seti ya gitaa kavu (lisilo la umeme) ya 012: uzi wa kwanza wa 012 na wa pili wa 016. Hizo mbili ni chuma kitupu, na pikapu inazisikia sawasawa na za umeme. Usichukue nyuzi nene za gitaa kavu. Zimesokotewa shaba, na shaba haivutwi na sumaku, hivyo pikapu inasikia kiini cha ndani tu na sauti inatoka hafifu ikilinganishwa na zile mbili.

Tyuni

Unaweza kupiga slaidi katika tyuni ya kawaida (E A D G B E), na wapo wanaoipenda kwa sababu hawalazimiki kubadilisha gitaa katikati ya onyesho. Ila slaidi ikilala juu ya nyuzi zote sita inataka zote ziwe na kodi moja, yaani noti zinazopatana zikilia pamoja. Kwa hiyo tyuni za wazi ndizo mlango wa kawaida, nazo ni familia mbili.

Ya kwanza ni D wazi: D A D F# A D, kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza. Ukitoka tyuni ya kawaida unashusha wa sita, wa pili na wa kwanza toni moja kila mmoja, na wa tatu nusu toni. E wazi ni umbo lilelile toni moja juu: E B E G# B E, hapo unapandisha wa tano na wa nne toni moja, na wa tatu nusu toni. Kati ya wapigaji slaidi mashuhuri wa Marekani, Elmore James alipiga katika D wazi. Duane Allman aliipenda E wazi, na Derek Trucks anaitumia mpaka leo.

Ya pili ni G wazi: D G D G B D, unaposhusha wa sita, wa tano na wa kwanza toni moja. A wazi ni hiyohiyo toni moja juu: E A E A C# E. Bonnie Raitt, naye Mmarekani, anatumia A wazi.

Ukiwa na nyuzi nene, kaa upande wa chini, yaani D na G, kisha tumia kapo kwenye freti ya pili ukihitaji E au A. Kupandisha uzi toni moja kunauongezea mvuto kwa asilimia 26, na seti ya 012 ikipandishwa hadi E wazi inaweza kuipinda shingo ya gitaa la bei nafuu kupita uwezo wa nondo yake. Wale wanaotaka E wazi bila kapo wabaki na seti ya 010 au 011, ambayo mvuto wa E wazi wenyewe unaikaza vya kutosha.

Shingo

Weka nyuzi, tyuni ulivyoamua, acha gitaa litulie usiku mmoja. Kisha pima mbonyeo: kapo kwenye freti ya kwanza, kidole kwenye freti ya mwisho ya uzi wa sita, na fila geji kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Gitaa la kawaida huwa na milimita 0.25 hadi 0.3. Kwa slaidi shusha hadi 0.1 au 0.15. Nyuzi zitakuwa juu, kwa hiyo hakuna hofu ya kukwaruza freti, na shingo iliyonyooka inafanya kimo cha nyuzi kipande sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Shingo yenye mbonyeo inamfanya mpigaji abadilishe uzito wa mkono kila anapoteleza, na makosa ya sauti yanatokea humo.

Nondo ya shingo ikizungushwa kufuata mshale wa saa inakaza na kupunguza mbonyeo. Zungusha robo mzunguko, tyuni upya, pima. Ikigoma usilazimishe kwa bomba la kurefusha spana. Legeza nyuzi, isaidie shingo kurudi nyuma kwa mkono taratibu, ndipo ukaze. Nondo iliyokatika ndani ya shingo ni hasara ya gitaa zima.

Nati

Nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kati ya kichwa cha gitaa na freti ya kwanza, ndiyo wengi wanaisahau. Hesabu ni rahisi. Uzi ni mstari kutoka nati hadi daraja. Chukua gitaa ambalo uzi uko milimita 1.6 juu ya freti ya 12, upandishe daraja mpaka ufike 2.8. Umeongeza milimita 1.2 hapo katikati. Kwenye freti ya 3 nyongeza ni 0.4 tu, na kwenye freti ya kwanza ni kama 0.13. Matokeo yake slaidi inateleza vizuri juu ya freti ya 12 na kugonga vyuma kwenye freti ya 2 na ya 3. Kuendelea kupandisha daraja hapo hakusaidii. Inua nati.

Kwa gitaa la kazi mbili, inua kwa milimita 0.3 na usizidi hapo. Kipande cha kadi ngumu ya karatasi kilicholoweshwa supa gluu na kukauka kinatosha, unakiweka chini ya nati. Kwa gitaa la slaidi tupu, kata ukanda wa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 na ni ngumu kiasi cha kutosha. Kuing'oa nati, kwanza pitisha wembe pande zote kuikata rangi, kisha igonge taratibu kutoka upande kwa kijiti na nyundo ndogo. Ukiigonga kabla ya kukata rangi, vanishi ya kichwa inabanduka nayo. Kurudisha, tone moja dogo la gluu kila upande linatosha. Siku moja utataka kuitoa tena.

Kipo pia kipande cha chuma kinachovalishwa juu ya nati na kuziinua nyuzi mbali kabisa na ubao, kama gitaa la Kihawaii linalolazwa mapajani. Hakihitaji kung'oa kitu. Lakini ukishakivalisha hakuna tena kupiga kwa vidole, na shingo ya mviringo haina maana yoyote kwako. Njia hiyo ndiyo ya asili hasa: Joseph Kekuku wa Hawaii anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha upigaji wa chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa karne ya 19, na sauti hiyo ilisafiri mpaka ikafika kwenye rumba. Nicolas Kasanda, yaani Dr Nico, mpigaji gitaa wa Kongo, alipiga gitaa la Kihawaii kwenye baadhi ya rekodi za bendi ya African Fiesta miaka ya 1960. Anayeitafuta sauti hiyo alilaze gitaa na kuziinua nyuzi milimita 8 au zaidi. Makala hii inamhusu zaidi anayelishika gitaa kifuani.

Mifereji ya nati nayo iangaliwe. Uzi wa 012 kwenye mfereji uliochongwa kwa 009 haukai chini. Unabanwa mdomoni, na ukityuni unasikia "ping" kisha sauti inaruka kupita ulipotaka. Panua kwa tupa nyembamba, ukiinamisha kidogo kuelekea kwenye vifunguo vya kukazia nyuzi ili uzi uinukie ukingo wa mbele wa nati, ule ulio upande wa freti. Mfereji uliochongwa bapa au ulioinama upande wa freti unautoa uzi sauti ya nyuki. Halafu paka risasi ya penseli. Mtu anayehama toka D wazi hadi tyuni ya kawaida kila jioni asiporahisisha mfereji atatyuni mpaka watu waondoke.

Daraja na mgongo wa nyuzi

Sasa sehemu yenyewe. Ubao wa freti wa gitaa la zamani la Fender una mviringo wa inchi 7.25, za sasa nyingi ni inchi 9.5; Gibson ni 12. Namba ikiwa ndogo, mgongo ni mkali zaidi. Nyuzi sita kwenye freti ya 12 zimetandazwa kwa upana wa milimita 44 hivi, na kutokana na hapo unaweza kupiga hesabu ni kiasi gani nyuzi za katikati zimeinuka kuliko za pembeni. Kwenye 7.25 ni milimita 1.3. Kwenye 9.5 ni 1.0. Kwenye 12 ni 0.8. Hicho ndicho kina ambacho bomba lililonyooka linapaswa kuzama katikati ili liguse pembeni, na ndicho kinachowafanya watu wakandamize. Wakikandamiza, nyuzi za katikati zinagonga freti. Wanapandisha daraja zaidi, na pembeni bado kumebaki palepale.

Dawa ni kuinua nyuzi za pembeni kuliko za katikati, mpaka mgongo wa nyuzi ulingane na duara la inchi 16 hivi. Kwa gitaa la slaidi tupu anza na vipimo hivi kwenye freti ya 12, ukipima toka kichwa cha freti hadi chini ya uzi. Uzi wa tatu na wa nne, milimita 2.4. Wa pili na wa tano, 2.5 kwa gitaa la mviringo wa 9.5, au 2.65 kwa la 7.25. Wa kwanza na wa sita, 2.8 kwa la 9.5 na 3.1 kwa la 7.25. Uzi wa sita unatikisika kwa upana kuliko wote, hivyo unaweza kuuongezea 0.2 ukipenda kupiga kwa nguvu. Kwa gitaa la kazi mbili, punguza kila kipimo kwa nusu milimita, lakini tofauti kati ya katikati na pembeni iache ilivyo.

Jaribio halihitaji chombo. Laza slaidi juu ya nyuzi kwenye freti ya 12 bila kuikandamiza, ulete jicho usawa wa nyuzi, tazama mwanga chini ya bomba kwenye uzi wa kwanza na wa sita. Kiasi cha milimita 0.6 ni sawa. Kama pengo ni kubwa, endelea kuinua pembeni. Usifute mgongo wote hata hivyo. Nyuzi zikiwa bapa kabisa, kila unapotaka kupiga uzi mmoja wa katikati slaidi inazikamata na jirani zake. Mgongo mdogo uliobaki ndio unaokuwezesha kuuchagua uzi. Hapa hatukubaliani na mafundi wanaonyoosha mpaka mwisho kama gitaa la mapajani. Kwa gitaa la kushika kifuani wanazidisha.

Skrubu za vikalio vya Stratocaster ziko mbili kwa kila uzi. Zizungushe kwa usawa ili kikalio kisilale upande mmoja. Katika magitaa ya bei nafuu skrubu hizo huwa fupi, na kikalio kikifika juu kinaanza kutikisika na kulia chenyewe. Nunua skrubu ndefu zaidi, zinagharimu kidogo sana. Kwenye daraja la Gibson vikalio havipandi kimoja kimoja. Unainua daraja zima kwa magurudumu yake mawili. Bahati nzuri mgongo wake ni wa inchi 12 na kazi iliyobaki ni ndogo: chonga mifereji ya uzi wa tatu na wa nne kwa kina cha milimita 0.3 zaidi, kisha pandisha daraja kufidia.

Daraja la Stratocaster lenye springi lina tatizo lake. Linaelea kati ya mvuto wa nyuzi na mvuto wa springi, kwa hiyo ukishusha uzi mmoja tu, zile nyingine tano zinapanda. Kubadilisha tyuni kunakuwa mchezo usioisha. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili za kishikio cha springi mpaka daraja lilale juu ya mwili wa gitaa bila kuinuka, na uongeze springi hadi tano kama zipo tatu. Njia nyingine ni kuchonga kijiti kigumu na kukisukuma kati ya chuma cha springi na mbao, ili daraja lisiende popote. Daraja likilala au likifungwa, wengi wanasema gitaa linadumisha mlio zaidi. Angalau tyuni inatulia, na hilo halina ubishi.

Pikapu

Nyuzi zikienda juu zinaachana na pikapu, na sauti inapungua. Inua pikapu mpaka uzi usioshikwa uwe milimita 2.5 juu yake upande wa uzi wa kwanza na 3 upande wa sita. Katika mpigo wa kawaida hupimwa uzi ukiwa umekandamizwa freti ya mwisho. Hapa hukandamizi, pima ulivyo. Usiisogeze karibu kupita hapo, hasa pikapu ya Stratocaster yenye sumaku chini ya kila uzi. Sumaku inauvuta uzi, na noti za juu zinatetema zenyewe kama ziko mbili. Kwenye slaidi kasoro hiyo inafanana na mkono usiotulia, kwa hiyo kabla ya kujilaumu shusha pikapu milimita moja usikilize.

Mizani ya sauti

Slaidi inakaa juu ya chuma cha freti chenyewe, si nyuma yake kama kidole. Hiyo inajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba vikalio vimesogezwa nyuma kufidia mkandamizo ambao hapa haupo. Kwenye gitaa la nyuzi za milimita 648 (ndizo zile inchi 25.5), uzi wa sita unaweza kuwa umerefushwa milimita 5, na wa kwanza milimita moja na nusu. Ukiiweka slaidi wima sawasawa juu ya freti ya 12, uzi wa sita utakuwa chini kwa senti kama 13, senti moja ikiwa sehemu ya mia ya nusu toni, na wa kwanza kwa senti 4. Tofauti ya senti 9 kati ya nyuzi mbili ndani ya kodi moja inasikika. Wapigaji wa gitaa la kazi mbili wanaifidia kwa kuinamisha slaidi kidogo, ule upande wa nyuzi nene ukielekea kwenye daraja, na baada ya muda mkono unafanya wenyewe.

Kwa gitaa la slaidi tupu, ondoa tatizo kabisa. Sogeza kila kikalio mpaka haramoniki ya freti ya 12, ule mlio mwembamba wa uzi ulioguswa tu bila kukandamizwa, ipatikane juu ya chuma chenyewe, si mbele wala nyuma. Vikalio vyote vitaishia kwenye mstari karibu ulionyooka, umbali uleule toka freti ya 12 kama nati ilivyo upande wa pili. Hakikisha kwa tyuna: piga haramoniki, kisha slaidi juu ya freti hiyohiyo, zilingane. Baada ya hapo vidole havitakuwa na haki kwenye gitaa hilo, kila kodi ya kukandamiza itakuwa juu. Hayo ni malipo yake, na ndiyo sababu tulisema uamue mapema.

Slaidi yenyewe

Bomba la glasi lenye ukuta wa milimita 3, la kutosha kidole cha pete na urefu wa milimita 60, lina uzito wa gramu 30 hivi. La brasi lenye ukuta wa nusu ya hapo lina gramu 50. Uzito unadumisha mlio na kupunguza mtetemo wa ovyo, lakini unadai nyuzi nene na gitaa lililoinuliwa. Brasi nzito juu ya nyuzi 010 haina faida. Glasi inalia laini, brasi inang'ata, chuma cha kromu kinang'aa na kuteleza kuliko vyote. Lowell George, mpigaji mwingine wa Marekani, alitumia soketi ya kufungulia plagi za gari, ya inchi 11/16. Mafundi magari wanazo, na ni slaidi nzuri kama haina mikwaruzo. Duane Allman alitumia chupa ya glasi ya dawa ya mafua ya Coricidin.

Shingo ya chupa ya mvinyo bado ni chaguo zuri. Chora mstari kwa kikata glasi kuzunguka, pasha moto kwenye mshumaa ukiizungusha, kisha tumbukiza kwenye maji baridi. Ukingo utakuwa mkali. Usugue kwa msasa wa maji namba 220, kisha 400, kisha 600, daima ukiwa umelowa, maana vumbi la glasi likiingia kifuani halitoki. Chagua sehemu iliyonyooka. Shingo ya chupa inayopanuka kama kengele inaleta mgongo mwingine baada ya wewe kuuondoa ule wa gitaa.

Urefu ufunike nyuzi sita na kubakiza kidogo, milimita 50 ndiyo mwisho wa chini. Ikiwa kidole ni chembamba, funga plasta ya kidonda ndani ya bomba mpaka lisizunguke. Kuhusu kidole chenyewe: cha mwisho kinaacha vitatu huru kwa kukandamiza kodi, kama afanyavyo Mmarekani Sonny Landreth, anayekandamiza hata nyuma ya slaidi, cha pete kinatulia zaidi, Bonnie Raitt anavaa cha kati. Chochote utakachochagua, kiache angalau kidole kimoja nyuma ya slaidi kugusa nyuzi kidogo. Mlio wa ziada unaotoka kati ya slaidi na nati hauondolewi na skrubu yoyote, na watu wamebadilisha nyuzi, nati na hata pikapu wakiutafuta.

Baada ya wiki ya kupiga pima tena mbonyeo wa shingo, kwa sababu mbao huchukua siku kadhaa kuzoea mvuto mpya, hasa pwani kwenye unyevu mwingi. Pitisha pia ukucha kwenye uso wa slaidi ya chuma. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo, usugue kwa msasa wa 600 au uigeuze upande mwingine. Mkwaruzo huo unakata msokoto wa nyuzi nene, na uzi wa nne ndio huwa wa kwanza kufunguka.